Kipimo cha HPV Kianzie CTC

Chanjo ya kirusi cha papiloma, HPV, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Ni hatua kubwa, ila haimgusi mama wa miaka 35 anayelima pamba Itilima au Meatu, mkoani Simiyu, huku akimeza dawa za ARV kila siku. Chanjo ilipofika, yeye alikuwa ameshapita umri wake. Uwezekano wake wa kupata saratani ya mlango wa kizazi ni takriban mara sita ya ule wa mwanamke asiye na VVU, na Tanzania hakuna saratani inayoua wanawake wengi kuliko hii: makadirio ya kimataifa ni zaidi ya vifo 6,000 kwa mwaka. Kwa mama huyu kinga iliyobaki ni kupimwa mapema, na hoja yangu ni kwamba mkoa kama Simiyu usingoje uweze kuwapima wanawake wote ndipo uanze. Uanzie kwenye kliniki za CTC, zinazotoa huduma na matibabu kwa wanaoishi na VVU.

HPV yenyewe ni ya kawaida mno. Wengi wanaoshiriki ngono huipata wakati fulani, na kinga ya mwili huiondoa bila mtu kujua, mara nyingi ndani ya miaka miwili. Hatari inakuja pale kirusi kinapong'ang'ania. Aina ya 16 na ya 18, zinazosababisha karibu asilimia 70 ya saratani hizi, hutengeneza protini zinazokata breki za seli, nazo seli huendelea kugawanyika pasipo mpangilio. Kinga iliyodhoofishwa na VVU hushindwa kukifukuza kirusi hicho. ARV husaidia, hasa zikianzwa mapema, lakini hazifuti hatari yote; tena kwa kuwa zinarefusha maisha, zinamfikisha mwanamke kwenye umri ambao saratani hii hujitokeza. Ndiyo sababu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri wanaoishi na VVU waanze kupimwa wakiwa na miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5, wakati wengine huanza na miaka 30 na hurudia baada ya miaka 5 hadi 10.

Kuna atakayesema kipimo cha siki kinatosha. Mhudumu hupaka asidi ya asetiki kwenye mlango wa kizazi, husubiri kidogo, kisha hutazama kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Ni rahisi na majibu hutoka palepale, na kimeokoa wengi. Lakini kinategemea jicho la anayetazama, na uvimbe wa maambukizi mengine nao unaweza kugeuka mweupe. Huko Osmanabad, India, utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 130,000 ulionyesha mwaka 2009 kwamba kupima HPV mara moja tu kulipunguza vifo kwa karibu nusu, ilhali siki haikuleta punguzo la kueleweka. Karibu zaidi na kwetu, Khayelitsha nchini Afrika Kusini, wanawake wenye VVU waliopimwa HPV na kutibiwa walipata mabadiliko hatarishi ya seli kwa kiwango kidogo sana kuliko ambao tiba yao iliahirishwa. Siki nayo ilisaidia, ila pungufu ya hapo.

Sasa kwa nini CTC? Kwa sababu wanawake hao wana kadi, wana tarehe ya kurudi, na hupimwa wingi wa virusi kila mwaka, kwa hiyo njia ya kusafirisha sampuli ipo tayari. Sampuli ya HPV mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe faraghani kwa brashi ndogo, jambo lenye uzito kwa anayeona haya kupanda kitandani mbele ya mhudumu. Mashine za GeneXpert zilizoletwa kupima kifua kikuu zinaweza kusoma HPV kwa muda wa kama saa moja. Ni kweli foleni itaongezeka, na mgonjwa wa kifua kikuu hawezi kuambiwa angoje. Lakini sampuli ya HPV inaweza kungoja, kwa sababu ugonjwa wenyewe huchukua miaka kukomaa.

Pingamizi zito ni jingine. Wenye VVU wengi watakutwa na HPV, na kumtibu kila mmoja ni kuwatibu wengi wasiohitaji. Hapa siki inarudi na kazi mpya: kuchuja waliokwisha kukutwa na kirusi. Aliyetibiwa hupimwa tena baada ya miezi 12, miadi inayokwenda sambamba na kipimo chake cha wingi wa virusi. Tiba ya awali nayo si lazima iwe Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako hupelekwa walio na saratani tayari. Kifaa cha joto kinachotumia betri huunguza sehemu yenye shida kwa chini ya dakika moja na kinabebeka mpaka Mwanhuzi, Meatu. Kama fedha za mwaka zinatosha kitu kimoja tu, mimi ningeanza na kifaa hicho kabla ya vitendanishi vya HPV. Waliogunduliwa kwa siki wanakihitaji leo, na vitendanishi vina tarehe ya kuisha.