Waziri Mkuu wa Kanada na Vita vya Bukavu

Sisi wa Cimpunda tuliokuwa watu wazima mwaka 1996 tunalikumbuka jina la Bwana Jean Chrétien, Waziri Mkuu wa Kanada, maana mwezi wa Novemba redio zililitaja mara nyingi. Vijana wa shule hawalijui. Basi inafaa tuwaeleze mtu huyo alikuwa nani, na alitaka kutufanyia nini.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1934 huko Shawinigan, katika jimbo la Quebec ambalo wenyeji wake husema Kifaransa. Nyumbani kwao walizaliwa watoto 19, naye ni wa 18. Baba yao alifanya kazi katika kiwanda cha karatasi. Upande mmoja wa uso wake ulipooza, na sikio moja halisikii. Alisomea sheria, akachaguliwa mbunge mwaka 1963, kisha akashika wizara nyingi, zikiwamo za Fedha na Sheria. Mwaka 1984 alishindwa na John Turner katika kugombea uongozi wa chama chao cha Liberali. Akaacha siasa mwaka 1986, lakini mwaka 1990 akarudi, na chama kikampa uongozi.

Katika uchaguzi wa 1993 wapinzani wake walitangaza katika televisheni picha zilizoonyesha uso wake uliopinda. Watu wakachukizwa, hata tangazo likaondolewa upesi. Siku ya kura, chama kilichokuwa kikitawala kilibakiwa na viti 2 tu. Ni kweli kilichukiwa kwa mambo mengine pia, lakini aibu ile haikukisaidia! Chrétien alitawala miaka kumi, hata Desemba 2003. Mwaka huo alikataa kupeleka askari wake katika vita vya Iraq, kwa kuwa Umoja wa Mataifa haukuviidhinisha.

Sasa tuje kwetu. Mwishoni mwa Oktoba 1996 waasi wa AFDL pamoja na askari wa Rwanda waliuteka mji wa Bukavu. Tarehe 29 aliuawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyekuwa ameyasihi mataifa yawaokoe watu, wenyeji na wakimbizi pia. Kambi za Kashusha na Inera zikabaki tupu. Watu wakakimbilia msituni, upande wa Shabunda na Walikale.

Tarehe 9 na 10 Novemba Chrétien aliziona picha za taabu hiyo, akawapigia simu wakuu wa serikali nyingine, akaahidi kwamba Kanada itaongoza jeshi la kuwasaidia wakimbizi. Tarehe 15 Baraza la Usalama likakubali, na Jenerali Maurice Baril akawekwa kuwa mkuu wa jeshi hilo. Lakini siku ile ile wakimbizi wa Mugunga, karibu na Goma, walianza kurudi Rwanda, na kwa siku chache wakavuka zaidi ya nusu milioni. Ndipo serikali kubwa, ambazo tangu mwanzo zilisitasita, zikasema kazi imekwisha. Kabla ya mwaka kwisha jeshi likavunjwa.

Hatumlaumu Chrétien peke yake. Angalau yeye aliinua simu. Lakini waliorudi hawakuwa wote. Wale wa Kashusha na Inera walizidi kwenda magharibi kwa miguu, pamoja na wazee na watoto, na wengi walifika Tingi-Tingi, karibu na Lubutu. Huko walikufa kwa njaa na magonjwa, hata vita vikawafikia tena mapema mwaka 1997. Jeshi la Baril halikufika huko.