Kuni za Nyuma ya Jiko

Kila tunapohimizwa kupanda miti huwa tunaambiwa habari za mvua. Ni kweli misitu ina sehemu yake katika mvua, lakini sijaona mtu akishika jembe leo kwa ajili ya mvua ya miaka ishirini ijayo. Faida iliyo karibu zaidi niliielewa nilipofika Murungu, wilayani Kibondo, mkoani Kigoma.

Nyanda za juu za Kibondo na Kasulu ni nchi ya miombo. Mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa, wakimbizi walianza kumiminika huko kwa maelfu. Mwaka 1996 vita vya Zaire vikaleta wengine. Kambi za Mtendeli, Nduta, Nyarugusu na nyinginezo zikajengwa porini. Mkimbizi alipewa unga na maharage, lakini maharage hayaliwi mabichi. Kuni zikatafutwa karibu, kisha mbali, na wako wanawake waliobakwa wakiwa katika safari hizo. Hata hivyo tusiwatwishe wakimbizi lawama zote. Wenyeji nao hufyeka mashamba, huchoma matofali na kukausha tumbaku, na sisi wa mjini hununua mkaa bila kuuliza umetoka wapi.

Pale Murungu mama mmoja alinionyesha ua wa kaliandra nyuma ya jiko lake. Nikaanza kumhubiria habari za mvua. Akacheka.

"Mwanangu, mimi sikupanda kwa ajili ya mvua. Nilipanda kwa ajili ya mgongo wangu."

Kaliandra ni kichaka chenye asili ya Amerika ya Kati. Ukikikata, kisiki huchipua tena, nawe utakata tena mwaka unaofuata. Fito zake ni nyembamba, hazihitaji shoka. Majani hulisha mbuzi, na maua yake mekundu huwavutia nyuki, jambo ambalo watu wa Kigoma, mabingwa wa asali, hawahitaji kufundishwa. Mizizini mwake mna vinundu vyenye vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, chakula kile kile cha mimea kilichomo katika mbolea ya urea. Ukikipanda kwa mistari kukingama mteremko, udongo mwekundu wa huko, ambao mvua kubwa huukokota hadi mabondeni, husimama shambani.

Mkaratusi nao hukua upesi na hutoa nguzo nzuri, ila usiupande kando ya chemchemi, maana kwa kunywa maji hauna mpinzani. Tena miombo yenyewe si lazima ipandwe. Visiki vyake huchipua vikiachwa, mradi moto wa kiangazi usipite kila mwaka. Hili husahaulika, labda kwa sababu kisiki hakina sherehe wala mgeni rasmi.

Nami sherehe hizo nimezihudhuria. Miche hupandwa kwa ngoma na picha, kisha kila mtu huenda zake, na ifikapo Juni mvua imekwisha na mbuzi wamefunguliwa. Miche ya kando ya barabara niliyoiona huko ilikuwa imebaki vijiti. Ya yule mama ilikuwa hai. Alikuwa akiimwagilia maji ya kuoshea vyombo, na kila mche alikuwa ameuzungushia miiba.

Nilimwuliza kama sasa anakwenda porini kutafuta kuni. Akaniambia huenda bado, lakini si kila siku.