Mpapindi wa Pemba Barazani Mwetu

Wasomaji wetu wengi hupenda kupamba baraza na nyua zao kwa miti ya jamii ya mnazi. Mara nyingi huununua ule wenye mabua ya manjano, ambao asili yake ni Bukini, yaani Madagaska. Hatuulaumu, ni mzuri. Lakini twastaajabu kidogo, kwani nduguye yupo hapa hapa kwetu na ni wachache waujuao. Huo ni mpapindi.

Mpapindi huota wenyewe katika kisiwa cha Pemba tu, na jamaa zake wengine wako Bukini na visiwa vya Komoro. Mwaka 1962 mtaalamu wa Kimarekani, Harold E. Moore, aliuandika katika vitabu vya elimu ya mimea kwa jina la Chrysalidocarpus pembanus. Wapemba, bila shaka, hawakumngojea yeye ndipo waujue. Hutoa mashina kadhaa kutoka tako moja, yenye pete pete kama mwanzi, na matunda yake yakiiva huwa mekundu.

Makao yake makubwa ni msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi mwa kisiwa. Sehemu kubwa ya misitu ya Pemba ilikwisha kufyekwa kwa mikarafuu na mashamba, na mti huu umehesabiwa miongoni mwa ile iliyo hatarini. Kwa hiyo haifai kabisa kung'oa miche msituni, wala kuinunua kwa mtu aliyeing'oa huko. Yampasa mnunuzi aulize mche umetoka wapi, na asione haya kuuliza.

Afadhali kupanda mbegu iliyotoka katika mti wa bustani. Matunda yaliyoiva huondolewa nyama, na mbegu ikapandwa ingali mbichi katika udongo mwepesi, mahali penye kivuli na unyevu. Subira yahitajika, maana huenda zikapita wiki nyingi kabla ya kuchipua. Kazi hii yawafaa sana watoto, ila wasiifukue mbegu kila siku kuitazama!

Mche katika chungu wataka mwanga usio wa jua kali, na tundu chini la kutoa maji. Tumwagilie udongo wa juu unapokauka. Maji yakituama, mizizi huoza. Visima vya pwani vingi vina chumvi, na ncha za makuti hukauka kwa sababu hiyo. Maji ya mvua ni bora. Samadi iwe iliyooza vizuri, na kidogo. Wadudu weupe kama unga wakionekana, wafutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Wako wapendao kupunguza miti yao kwa makasi. Kwa mpapindi ni hatari, kwani kila shina lina kilele kimoja tu, na likikatwa kilele hufa kama mnazi uliotolewa kichilema. Yakatwe makuti yaliyokauka peke yake. Na kwa kuwa mti huu waweza kufika mita 12, mwenye uwanja na auhamishe ardhini mwanzo wa masika, kabla mizizi haijajaa chunguni.