Fahamu: Injini tano za gari ndani ya kifaru kimoja

Barani Ulaya, mazungumzo ya viwanda vya magari kugeukia zana za kivita yamerudi. Je, inawezekana kweli? Jibu lilipatikana zamani Detroit, Marekani, na linastahili kutazamwa kwa karibu.

Mwaka 1941 jeshi la Marekani lilihitaji vifaru haraka. Tatizo lilikuwa injini: zilizotumika zilikuwa za ndege, na ndege zenyewe zilizihitaji. Kampuni ya Chrysler haikuwa na muda wa kubuni injini mpya kuanzia sifuri. Ilichokuwa nacho ni injini ya silinda 6 ya magari yake ya kawaida, ambayo mafundi wake waliijua nje ndani. Wakachukua 5, wakazipanga kwa duara, zote zikazungusha shafti moja kupitia gia za katikati. Silinda 30! Ujazo wake ulipita lita 20.

Dude hilo halikuenea kwenye kifaru cha kawaida cha Sherman, ikabidi bodi irefushwe kwa sentimeta 28 hivi. Mwanzoni kila injini ilikuwa na pampu yake ya maji. Baadaye ikawekwa moja kwa zote. Kabureta nazo zikahamishiwa juu, zikapangwa mstari mmoja, ili fundi azifikie kwa urahisi. Kwangu mimi, hapo ndipo uzoefu wa gereji ulipolisaidia jeshi kweli kweli.

Vifaru hivyo, vilivyoitwa M4A4, vilitengenezwa 7,499 kati ya 1942 na 1943, na vingi vilipelekwa Uingereza.