Mtetemo wa Pikapu Una Hesabu Yake

Dereva akifika gereji na kusema "gari inatetemeka", mara nyingi jibu huwa tayari hata kabla boneti haijafunguliwa. Fundi mmoja atasema mauntingi hizo, mwingine atasema nozeli, wa tatu atauliza tairi zilibalansiwa lini. Wote watatu wana hoja, maana pikapu ina vitu vingi vinavyozunguka na kila kimoja kinaweza kuitikisa kabini. Ila havizunguki kwa kasi moja. Hapo ndipo fizikia inapomfaa mtu mwenye pochi nyembamba: mtetemo unaotoka kwenye kitu kinachozunguka hujirudia kwa idadi maalumu kila sekunde, na ukiijua idadi hiyo umeshamkaribia mhusika.

Tuchukue gari ambalo halihitaji utambulisho, Toyota Hilux ya dizeli yenye silinda nne. Imesimama, injini iko sailensi, mshale unasoma mizunguko 750 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 12 na nusu kila sekunde. Katika injini ya mipigo minne, kila silinda huchoma mafuta mara moja katika mizunguko miwili ya krenki, kwa hiyo silinda nne hutoa milipuko miwili katika kila mzunguko. Jumla ni milipuko 25 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo mwili hauwezi kutenga pigo na pigo. Unachosikia ni mvumo mmoja, na mvumo huo dereva alishauzoea siku nyingi.

Sasa silinda moja ianze kumisi. Itakosa zamu yake mara moja katika kila mizunguko miwili, yaani mara 6 na robo kwa sekunde. Ni watu wanne wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu, mmoja wao akabaki ameushika mchi juu: ule mfululizo umevunjika, na kinachosikika zaidi ni pengo. Bahati mbaya pengo hilo linaangukia mahali pabaya, kwa kuwa mwili wa mtu aliyeketi huathirika zaidi na mtikisiko wa juu na chini ulio kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde. Wataalamu wa afya za madereva wa matrekta na mitambo mizito wanalifahamu vizuri eneo hilo. Ndiyo sababu misi ya silinda moja husikika tumboni kuliko masikioni, hata kama gari bado linapanda mlima bila kulalamika.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: gari likiwa sailensi, linavuma au linatingishika? Jibu lake linamaliza ubishi wa mauntingi, ubishi ambao umekula fedha za watu wengi.

Mauntingi ni mpira uliobanwa kati ya injini na chesesi. Mpira huo pamoja na uzito wa injini vina mwendo wao wa asili wa kuchezacheza, na mtengenezaji huupanga uwe chini sana ya yale mapigo 25. Mtikisiko wa kasi kuliko mwendo huo humezwa na mpira. Ule wa polepole hupita kama ulivyo, na ukikaribiana nao huongezeka. Mpira ukizeeka kwa joto na kuloa oili hukakamaa, au hupasuka mpaka chuma kikagusa chuma. Hapo milipuko 25 ya kawaida, ambayo haikuwa na kosa lolote, inaingia moja kwa moja kwenye chesesi, kwenye usukani na kwenye kioo cha pembeni kinachoanza kuonyesha magari mawili badala ya moja. Huku ndiko kuvuma. Lakini misi ya mara 6 kwa sekunde ni ya polepole mno. Hata mauntingi mpya kabisa hazina uwezo wa kuimeza. Anayebadilisha mauntingi ili kuponya misi amenunua mpira mzuri kwa ajili ya ugonjwa mwingine.

Kuhakikisha ni rahisi. Vuta breki ya mkono, giaboksi iwe huru, fungua boneti, mtu mmoja akae kabini na mwingine aitazame injini. Injini imetulia lakini kabini inavuma? Angalia mauntingi, na usisahau bomba la ekzosi linalogusa chesesi, maana nalo hupitisha mtetemo uleule. Injini yenyewe inarukaruka kitandani mwake? Mauntingi ziache kwanza.

Haki ya injini ya silinda nne nayo isemwe. Hata ikiwa nzima haitulii kikamilifu. Pistoni zake mbili zikiwa juu na mbili chini, zinazopanda na zinazoshuka hazibadilishi kasi kwa kiasi kilekile, na tofauti hiyo huzaa nguvu inayosukuma injini juu na chini mara mbili katika kila mzunguko wa krenki. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya dawa yake mwaka 1904: shafti mbili zenye uzito upande mmoja, zinazozunguka kwa kupishana na kwa kasi maradufu ya krenki, ili kuiua nguvu hiyo. Wazo lilikaa kando kwa miongo mingi hadi Mitsubishi walipolirudisha sokoni mwaka 1975. Injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja haina haja ya ujanja huo, kwa kuwa nguvu zake zinafutana zenyewe. Anayetoka kwenye Hilux na kuingia kwenye Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2, akaona sailensi yake tulivu, asidhani kwamba gari lake la kwanza ni bovu. Ni jiometri tu.

Turudi kwenye misi. Ikishajulikana kuwa silinda moja haifanyi kazi, kazi ni kuipata, na hapa lazima tutenganishe dizeli za zamani, dizeli za sasa, na petroli.

Kwenye dizeli zenye pampu ya kimakanika, kama 5L ya Hilux za zamani na hiyo 1HZ, mafundi wana kipimo cha miaka mingi ambacho hakijazidiwa. Injini ikiwa sailensi, fundi analegeza nati ya bomba la nozeli moja, dizeli inavuja kidogo pale, silinda hiyo inakosa mafuta. Mlio ukibadilika na injini ikashuka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Anaikaza, anakwenda ya pili. Akifika kwenye ile ambayo ikilegezwa hakuna kinachobadilika, amempata mvivu. Kisha nozeli ya silinda hiyo anaihamishia silinda nyingine. Misi ikihama nayo, nozeli ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, tatizo liko ndani, kwenye kompresheni: vali, ringi au gasketi. Huu ni utafiti wa kisayansi kamili, ingawa anayeufanya hajavaa koti jeupe.

Kipimo hicho kisiguswe kabisa kwenye dizeli za sasa za komoni reli, kama 1KD na 2KD za Hilux zilizofuata. Mabomba yake hubeba shinikizo linaloweza kuzidi baa 1,000 injini ikifanya kazi kwa nguvu. Tairi la gari lenyewe lina baa 2 na kitu. Mchirizi wa dizeli kwa shinikizo la namna hiyo hupenya ngozi kama sindano, na kidonda chake kidogo kisichotisha kinahitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, la sivyo mkono unaweza kupotea. Hapa tumia mashine ya kupimia. Kompyuta ya injini huongeza mafuta kwenye silinda dhaifu na kupunguza kwenye silinda yenye nguvu ili sailensi itulie, na mashine inaonyesha marekebisho hayo silinda kwa silinda. Silinda inayobembelezwa kwa nyongeza kubwa kuliko wenzake ndiyo ya kuchunguzwa.

Namna kompyuta inavyojua hilo inapendeza. Kwenye mwisho wa krenki kuna gurudumu la meno, 34 katika injini nyingi za Toyota pamoja na nafasi ya meno mawili yaliyoachwa makusudi, na sensa inayohesabu kila jino linapopita. Silinda ikiripuka, krenki huongeza kasi kidogo. Isiporipuka, meno yanayofuata huchelewa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Sensa inaona kuchelewa huko, kompyuta inatazama zamu ilikuwa ya nani, na taa ya injini inawaka. Kwenye injini za petroli, msimbo wa hitilafu P0303 humaanisha silinda ya tatu imemisi. P0300 humaanisha misi inazurura bila kuchagua silinda. Mfumo huu wa misimbo ulifanywa lazima kwa magari madogo ya Marekani kuanzia mwaka 1996, na nchi nyingi zikaufuata. Una udhaifu mmoja unaotuhusu sisi: barabara mbovu nayo hutikisa krenki kupitia tairi na shafti, hata kompyuta inaweza kudhani injini imemisi. Baadhi ya watengenezaji wameifundisha kompyuta isikilize kwanza sensa za magurudumu kabla ya kulaumu plagi.

Petroli ina ugonjwa wake wa peke yake. Ikiwa sailensi, mlango wa hewa umefungwa karibu wote, na injini inavuta kwa nguvu nyuma yake. Mpira wa vakyumu ukipasuka, hewa isiyopimwa inapenya, mchanganyiko unakosa mafuta, na injini inasitasita. Ukipiga resi, mlango unafunguka, mvuto unapungua, ile hewa ya wizi inakuwa ndogo mbele ya hewa yote inayoingia, na gari linatulia kana kwamba halijawahi kuumwa. Basi petroli inayotingishika sailensi na kupona kwenye resi itafutiwe mpira uliopasuka au mlango wa hewa uliojaa masizi, kabla ya kununua koili. Dizeli nyingi za zamani hazina mlango huo. Zenyewe tafuta hewa iliyoingia kwenye dizeli, filta iliyoziba, na maji yaliyotuama chini ya filta. Tafuta pia ulijaza wapi mara ya mwisho. Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli hupunguza ulainisho, na pampu na nozeli vinalika. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, yote kwa sababu ya uchakachuaji huo.

Mtetemo wa mwendoni una hesabu nyingine. Tairi la 265/65R17 lina mzingo wa karibu mita 2.4, kwa hiyo kwenye kilomita 100 kwa saa linazunguka kama mara 11 kwa sekunde. Kama difu ina uwiano wa 4.1, propela shafti inazunguka karibu mara 47. Mtikisiko wa 11 unauona kwenye usukani au unausikia kwenye kiti. Wa 47 ni mvumo wa sakafuni unaofanya miguu iwashe. Gramu 30 tu zikipungua upande mmoja wa rimu, kwa mwendo huo zinavuta gurudumu kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 3. Kwenye kilomita 50 nguvu hiyo ni robo yake, ndiyo maana mjini husikii kitu. Masika, gramu 30 si lazima ziwe za risasi iliyodondoka. Tope lililokaukia ndani ya rimu linatosha, na dawa yake ni maji.

Ukitaka kujua kama ni injini au ni magurudumu, kaa kwenye kilomita 80 ukiwa gia ya tano, kisha rudi ya nne bila kubadilisha mwendo. Mizunguko ya injini imepanda, ya tairi na shafti haikubadilika. Mtetemo uliobaki vilevile hautoki kwenye injini. Usijaribu kwa kuachia gari huru mteremkoni. Na mtetemo ukitokea pale tu unapokanyaga breki, tazama diski na ngoma.

Shafti ina siri yake. Krosi ikifanya kazi kwa pembe, upande wa pili hauzunguki kwa kasi moja: huharakisha na kupunguza mara mbili kila mzunguko. Krosi ya pili huyafuta hayo, mradi uma zake zimelingana na za kwanza. Fundi akiifungua shafti bila kuweka alama, akairudisha imepishana meno, gari lililokuja na senta beringi mbovu litaondoka na beringi mpya na mtetemo mpya. Waliopandisha springi za nyuma ili wabebe mzigo zaidi nao wamebadilisha pembe hizo, wakajua wasijue.

Simu yako ina sensa inayoweza kuhesabu haya yote. Programu ya bure ya phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, huonyesha mtetemo unajirudia mara ngapi kwa sekunde. Simu ilale imara sakafuni, abiria asome, dereva atazame barabara. Ikionyesha 6 gari likiwa sailensi, 11 au 47 kwenye kilomita 100, umeshajua pa kuanzia.

Lililobaki ni fedha. Wengi wetu tunamlipa fundi kwa spea aliyobadilisha, na ile saa aliyotumia kusikiliza, kulegeza nati na kutazama tunaiita "kuangalia tu", yaani bure. Fundi anayelipwa akifunga kitu atafunga kitu. Kubaliana naye bei ya kupima kabla hajagusa spana, umpe mwendo, gia na mizunguko ambayo mtetemo unatokea, na umwombe akuonyeshe kipimo kilichomfikisha kwenye jibu lake kabla hujamtuma dukani.