Dubu au mtu usiyemjua: hatari inapimwaje?

Mwaka 2024 swali moja lilitoka Marekani na kuzunguka mitandaoni hadi kwenye simu zetu: ukiwa mwanamke peke yako porini, ungependa kukutana na nani, dubu au mwanamume usiyemjua? Wanawake wengi walijibu dubu. Wanaume wengi walikasirika. Hata akina mama waliokuwa kwenye foleni ya kliniki walilijadili. Walicheka sana, kisha wakanyamaza.

Afrika Mashariki hatuna dubu wa porini. Lakini jinsi unavyopima hatari inaamua unajilinda dhidi ya nani, unamfundisha nini mtoto wako, na unawahi au unachelewa kutafuta matibabu. Kwa hiyo tulijibu swali hili taratibu.

Namba peke yake zinadanganya

Watafiti waliofuatilia vifo vilivyosababishwa na dubu weusi wa porini nchini Marekani na Kanada kati ya mwaka 1900 na 2009 walihesabu watu 63. Hiyo ni zaidi ya miaka mia moja. Binadamu huuawa na binadamu wenzao kwa idadi kubwa kuliko hiyo kila siku.

Je, ina maana dubu ni salama kuliko mtu? Hapana. Wewe unapishana na watu wangapi kwa siku? Kituo cha daladala, sokoni, kanisani au msikitini, ni mamia, na karibu wote wanapita bila kukudhuru. Dubu hukutani naye kabisa. Ukitaka kulinganisha kwa haki, lazima uulize: kati ya kila mara ambapo watu walikaribiana na dubu, ni mara ngapi waliumia?

Wanaoishi karibu na dubu wanajua kwamba jibu linategemea hali. Dubu mweusi mara nyingi hukimbia akisikia watu. Dubu wa kahawia mwenye watoto anaweza kushambulia akishtushwa kwa karibu. Dubu aliyezoea kula mabaki ya chakula cha watu ni hatari zaidi, kwa sababu ameacha kuogopa. Kwa hiyo wao hawatazami jina la mnyama tu. Wanatazama umbali, tabia na mazingira.

Hatari ya watu iko wapi hasa?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono katika maisha yake. Sehemu kubwa ya ukatili huo ulifanywa na mume au mpenzi. Waliosema walifanyiwa ukatili wa kingono na mtu asiye mwenzi wao walikuwa asilimia 6 hivi, na hata hao si wote walioumizwa na wageni: wamo jirani, ndugu na marafiki wa familia.

Umoja wa Mataifa nao ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 waliuawa na wenzi wao au watu wa familia zao. Ni wastani wa 140 kwa siku.

Wahenga walishasema: kikulacho ki nguoni mwako. Tunaogopa uchochoro wenye giza, na ni vizuri kuwa makini huko, lakini wengi wanaoumizwa huumizwa ndani ya mlango unaofungwa kwa ufunguo wao wenyewe.

Kwa nini wengi walichagua dubu?

Sidhani walikuwa wanafanya hesabu. Walikuwa wanasema jambo lingine: nikishambuliwa na dubu, mtaniamini. Hakuna atakayeuliza nilivaa nini, wala atakayeniambia nimsamehe ili nisiaibishe ukoo.

Jambo hili nimeliona kazini. Dada mmoja alifika kwetu siku ya nne baada ya kubakwa na mtu anayefahamika nyumbani kwao. Nilipomuuliza kwa upole kwa nini hakuja mapema, alijibu kwamba alijua ataulizwa alikuwa anatafuta nini kule. Muda wa kuanza dawa za kuzuia VVU ulikuwa umeshapita. Tulimsaidia kwa mengine yote, lakini hilo hatukuweza kulirudisha. Hofu ya kutoaminiwa ilimnyima dawa.

Tazama tabia, usitazame sura

Kama ilivyo kwa dubu, kwa mtu pia tazama anachofanya, awe mgeni au wa nyumbani. Kuwa makini na mtu ambaye:

- hakubali neno "hapana", hata kwa jambo dogo;
- anataka kukutenga na ndugu na rafiki zako;
- anakagua simu yako na kutaka kujua uliko kila saa;
- anampa mtoto zawadi na kumwambia asimwambie mtu.

Dalili hizi ni za hatari kubwa, usizisubiri zijirudie: amewahi kukukaba shingo, ametishia kukuua, au amekuonyesha silaha. Kukabwa shingo hata mara moja, hata bila kidonda, ni onyo kwamba siku nyingine anaweza kuua. Njoo upimwe, kwa sababu madhara ya ndani yanaweza kujitokeza baadaye.

Kwa watoto, "usiongee na usiyemjua" haitoshi. Mfundishe majina halisi ya sehemu zake za mwili, kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kuzichezea hata kama ni mjomba au mwalimu, na kwamba akikuambia hutamchapa.

Ukiumizwa, saa zinahesabika

- Ndani ya saa 72: dawa za PEP za kuzuia VVU. Zinafanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, na humezwa kwa siku 28.
- Ndani ya siku 5: vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Hapa pia, mapema ni bora.
- Ukiweza, usioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa. Weka nguo kwenye mfuko wa karatasi. Kama umeshaoga, njoo tu.
- Hata kama muda umepita, njoo. Kuna matibabu ya majeraha na magonjwa ya ngono, chanjo ya homa ya ini B, na mtu wa kukusikiliza.

Tanzania unaweza kwenda Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Ukiwa na jeraha kubwa au muda unakwisha, tangulia kituo cha afya; fomu ya PF3 inaweza kufuata. Kwa mtoto, piga 116 bila malipo, Tanzania na Kenya. Kenya pia kuna 1195 kwa ukatili wa kijinsia.

Na wewe ambaye siku moja utaambiwa siri hii na dada, binti au rafiki, anza na maneno haya: "Nakuamini. Twende." Yanaweza kumfikisha kwetu siku ya kwanza badala ya siku ya nne.