Kopo au Kilo?

Leo tunazungumzia vipimo.

Sokoni kambini, chakula hupimwa kwa kopo, kisado au debe. Wengine husema, "Tumezoea kopo, kilo ya nini?" Wana hoja: kopo halihitaji betri, na kila mtu huliona likijazwa.

Lakini kopo hupima nafasi, halipimi uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya maharage haifiki kilo, na ya unga ni nyepesi zaidi. Kwa hiyo ukikopa kopo la unga, kisha siku ya mgao ukalipa kopo la maharage, umerudisha uzito zaidi ya uliopewa. Na kopo lililobonyezwa kitako hubeba kidogo kuliko unavyodhani.

Mgao nao huhesabiwa kwa gramu kwa kila mtu kwa siku, hata pale unapogawiwa kwa kopo. Una haki ya kuuliza: kopo hili la chakula hiki ni gramu ngapi?

Mizani pia yaweza kudanganya. Ijaribu hivi: jaza maji chupa ya plastiki ya lita moja hadi shingoni, uipime. Inapaswa kuonyesha kilo moja na gramu chache. Ikizidi sana, mnunuzi anapunjwa. Ikipungua, muuzaji anapunjwa.

Kopo si adui yako, msikilizaji. Endelea kulitumia, ila ujue linabeba nini. Tukutane kipindi kijacho.